Mjomba, Nimeirudisha Pikapu Kwenye Petroli

Mjomba,

Shikamoo. Nimeliandika hilo neno halafu nikakaa nalo, kalamu mkononi, kama mtu anayesubiri marahaba. Kisha nikakumbuka. Basi niendelee tu.

Ni mimi Fausta, mtoto wa dada yako Anjela. Nimechoka, Mjomba. Sikuandikii kulalamika, lakini nisipoanza na hilo utaona nakuficha kitu, na wewe uliujua uso wangu hata nikiwa nimekupa mgongo. Nimechoka kiuno, nimechoka mikono, na kuna uchovu mwingine ambao sijui unakaa wapi. Mwezi mzima nimehangaika kati ya Nyandira na Morogoro mjini kwa ajili ya gari lako. Sasa kazi imekwisha. Pikapu haitumii gesi tena. Nimeirudisha kwenye petroli.

Nimeshasema. Sasa nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu uliniomba nisifanye hivyo, na mimi niliitikia.

Siku ile wodini ulikuwa umeegemezwa mito miwili, maana ukilala chali pumzi inakatika. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa. Ukanishika mkono ukaniambia, "Fausta, ukoo wakikaa, nimeshawaambia, gari ni lako. Wewe ndiye unayelijua. Ila petroli usiirudishe pale nyumbani." Nikasema, "Ndiyo, Mjomba." Siku ile ningesema ndiyo kwa lolote. Ungeniambia niung'oe mlima nikaupande Dumila, ningesema ndiyo. Siku mbili baadaye nilikurudisha nyumbani umefunikwa shuka, kwa gari hilo hilo, na nikaendesha mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kulibembeleza kwenye kona za Langali. Nililia kuanzia Mlali mpaka juu. Sikusimama kufuta machozi kwa sababu nilijua nikisimama kwenye ule mwinuko halitaondoka tena.

Tulikuzika vizuri. Mtani wako Mzee Shabani alifunga gereji akapanda mlima na bodaboda, na mvua ile. Akakaa ukingoni mwa kaburi akakataa lisifukiwe mpaka spana yake namba kumi na nne irudishwe. "Mluguru huyu kaondoka na spana yangu," akasema, "na huko aendako hakuna nati." Watu wakacheka na kamasi zikiwatoka. Alipoinuka nilimwona anashindwa kusimama, ikabidi ashikwe.

Gesi ilidumu miezi saba baada yako. Siku moja nilishusha karoti sokoni, nikapitia pale barabara ya Dodoma tulipokuwa tunajaza, pale ambapo ulikuwa rafiki wa walinzi wote. Kijana wa pampu akanifuata dirishani kabla sijazima injini. Akasema, "Dada, magari hatujazi tena. Tumebaki na mitungi ya jikoni tu." Nikamwuliza nikajaze wapi. Akasema labda Dar es Salaam. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba. Nilikuwa na robo tenki. Nikapanda nayo, nikaiegesha pikapu kwenye kibanda chako cha bati, nikaifunika nailoni.

Wale vijana wa bodaboda wakanishauri ninunue mitungi ya jikoni niwe naimimina kwenye tenki la gari. Wakasema wamesikia mtu anafanya hivyo Gairo. Nikampigia Mzee Shabani kumwuliza. Akasema, "Mjomba wako hajamaliza hata mwaka. Unataka kumfuata?" Nikaachana na hilo.

Basi gari likakaa. Na gari likikaa, Mjomba, unajua mwenyewe. Kabichi zikarundikwa kando ya barabara zikisubiri malori ya mjini, na lori likija linachagua linazozitaka, zinazobaki zinageuka njano. Watu wakaanza kufunga magunia kwenye pikipiki. Sikusikia mtu akinilaumu. Walipita mbele ya kibanda, wakaniamkia, wakauliza hali, wakaendelea na safari. Afadhali wangenilaumu.

Halafu ikaja siku ya Sesilia. Unamkumbuka, yule binti wa jirani yetu wa upande wa mtoni, aliyekuwa akikuletea maua ya boga. Uchungu ulimshika asubuhi, mtoto amekaa vibaya. Kaka zake wakatengeneza machela ya miti na khanga, wakamteremsha. Walipita hapa, hatua chache kutoka kwenye gari lako. Mama yake alikuwa mbele. Aliitazama nailoni, akanitazama mimi, akaendelea kutembea. Niliwafuata kwa miguu nikiwa nimebeba khanga na chupa ya uji, sikuwa na kingine cha kubeba. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye nyasi, watu wazima wanne wakiwa wamesimama wamegeuza migongo. Yuko hai, ni wa kiume. Sesilia naye yuko hai, lakini alipoteza damu nyingi na alilazwa mjini wiki nyingi, na mpaka leo akipanda kilima kidogo anakaa chini.

Niliporudi nyumbani siku ile nilikaa ndani ya pikapu, nikashika usukani. Nikajua nitafanya nini. Ila kati ya kujua na kufanya kulikuwa na mtu mmoja, mkeo.

Watu wengi walidhani uliliweka gari kwenye gesi kwa sababu ya bei ya mafuta. Wewe mwenyewe ulisema hivyo kila ulipoulizwa. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba ni kwa sababu ya Monika, mwanao. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye sita. Petroli ilikuwa haipatikani huku juu, na mtu mwenye gari alilazimika kuweka dumu nyumbani, la dharura. Ile asubuhi ya mvua Monika aliingia jikoni kuota moto, akagonga dumu. Nilikuwa nje nachuma mboga. Nilisikia mlio kama wa turubai likipigwa na upepo, halafu nikakuona unaingia na kutoka, na ulichokuwa umekishika... Sitaandika. Hakufika hata Langali akiwa hai.

Kaka yake mkeo, Mzee Klementi, alikuuliza mbele ya watu dumu liliwekwa jikoni na nani. Ukasema, "Niliweka mimi." Akasema, "Umenilia mpwa wangu." Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mtoto, hilo hukuhitaji kuelezwa, wewe uliyenilea mimi kwa sababu hiyo hiyo. Tangu siku ile hakukanyaga kwako. Na siku ya maziko yako, Mjomba, hakuja. Watu walimwona amesimama ng'ambo, kwenye shamba lake la njegere, ameegemea jembe.

Baada ya Monika gari halikulala nyumbani tena. Ulikuwa ukiliacha parokiani Langali, halafu unapanda kwa miguu kila jioni, na mvua, na ukungu, na magoti yako yale. Miaka na miaka. Mpaka mambo ya gesi yakafika mjini, ukampelekea Mzee Shabani gari, ukamwambia atoe kila kitu cha petroli, hata tenki. Yeye akakataa. Akasema magari yote ya gesi yanaachiwa na petroli, ukikwama unabonyeza swichi unaendelea. Ukamwambia, "Toa." Akatoa. Siku ulipolileta gari mpaka uani ulipiga honi kama mwenye harusi. Watu wakaogopa wakasema umeleta bomu, ukawaita mmoja mmoja ukawaonyesha vali na mabomba. Mkeo alitoka, akalizunguka, akanusa, akarudi ndani. Lakini usiku huo ulikula nyumbani ukiwa hujachoka. Mimi niliona.

Kwa hiyo ningemwambiaje? Nilizunguka wiki mbili. Niliwaza nami niwe nalilaza parokiani kama ulivyofanya, lakini mgonjwa haugui kwa ratiba, na mtu akishikwa huku juu nani ashuke saa nzima akalichukue gari? Mwisho nikaenda mchana mmoja, mkeo amekaa uani anapua njegere, maganda yanadondoka pembeni mwa ungo. Watu wanaendelea kumwita Mama Monika, na yeye anaendelea kuitika. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kupua naye. Nikapua mpaka vidole vikawa vya kijani. Halafu nikasema, "Mama, nataka kulirudisha gari kwenye petroli."

Hakuinua macho. Akaendelea na njegere. Nikaanza kujieleza, Sesilia, pampu imefungwa, kabichi, nikasema mengi kwa haraka kama mtoto aliyevunja chungu. Akanikatiza.

"Mjomba wako alikuambia usirudishe?"

"Ndiyo, Mama."

"Alikuambia kwa nini?"

Nikasema hakunieleza, lakini najua, ni kwa sababu ya Monika. Akaweka ungo chini. Akasema, "Lile dumu hakuliweka mjomba wako. Niliweka mimi."

Mjomba, niliacha kupua.

Alinieleza bila kulia. Kwamba stoo ilikuwa inavuja, na dumu halikuwa na kizibo, ulikuwa umelifunga kwa kipande cha nailoni. Kwamba wewe ulikuwa shambani tangu alfajiri. Yeye akaona maji ya mvua yataingia kwenye mafuta na utapata hasara, akalihamisha, akaliweka nyuma ya mlango wa jikoni, pakavu. Akasema, "Nilitaka kumsaidia." Halafu kaka yake alipouliza, kabla hajafungua mdomo, wewe ukawa umeshajibu. Usiku alikuambia mmweleze Klementi ukweli, ukakataa. Akasema ulimwambia, "Wakikuchukia wewe hutakuwa na pa kwenda. Mimi nina kwetu." Kila mwaka alikuwa akilirudia ombi lake, na kila mwaka ukisema maji yakimwagika hayazoleki. "Mpaka nikaacha kumwomba," akasema. "Na nilipoacha, nikaanza kuona raha kidogo kwamba anakataa. Hilo ndilo linalonila."

Ningekuwa mtu mwenye maneno ningemfariji. Nilichukua tu ungo nikaendelea kupua. Baada ya muda akasema, "Mwambie Shabani alirudishe. Na siku ya kulipeleka, nami nitakwenda."

Kulifikisha gari gereji tu kulikuwa kazi. Gesi kidogo iliyobaki niliihifadhi kwa ajili hiyo, nikashuka nalo asubuhi, mara nyingi likiteremka lenyewe, mimi na breki tu. Gereji ya Mzee Shabani bado iko Kihonda, bado ana lile benchi bovu. Alipomwona Mama Monika, aliyekuja kwa basi, anaingia, aliinuka akafuta mikono mara mbili, akasema, "Shemeji, leo umekuja kwa mguu wako." Akamwekea kiti chake mwenyewe.

Kwanza ilibidi gesi iliyobaki itolewe. Mzee Shabani hakukubali ifanyike gereji. Tulilipeleka gari mahali pa wazi nje ya mji, hakuna nyumba, hakuna mtu wa kuvuta sigara, akasubiri upepo uwe mzuri ndipo akafungua vali kidogo kidogo. Tulisimama mbali upande wa upepo. Ulisikika mluzi mdogo, na ile harufu yako, Mjomba, harufu ya shati lako la kazini. Mzee Shabani alisimama mikono nyuma. Alianza kutania, akasema, "Mtani anatoka huyo, msimzuie." Halafu utani ukamwishia, akageuka akatazama milima mpaka mluzi ulipokoma.

Siku nne. Nilidhani ni kufungua hiki na kufunga kile, kumbe ulikuwa umemfanya ang'oe kila kitu. Tenki tulilipata kwa mtu anayeuza vipuri vya magari yaliyochinjwa, lina kutu ndani, likaoshwa mara tatu kwa mafuta na kokoto. Mabomba ya mafuta mapya. Pampu ya mafuta. Kabureta ilikuwa imekaa kavu miaka yote ile, vijitundu vyake vimeziba, akaifungua kipande kwa kipande akaitandaza kwenye gazeti na kunikataza nisipumue juu yake. Mimi nilikuwa chini ya gari muda mwingi, nashikilia, nafungua, kutu inaniingia machoni. Usiku nililala kwa ndugu wa mume wangu, Mama Monika akalala kwa binti wa Mzee Shabani, na sikuota hata ndoto moja, kwa jinsi nilivyochoka.

Mzee Shabani alipofungua kichwa cha injini aliniita. Akanionyesha vali, zimeungua kingo, moja imepasuka kidogo kama ukucha. Akasema gesi inachoma kavu, na injini hii haikutengenezwa kwa hiyo, na kwamba wewe ulijua, kwa maana alikuambia mara mbili. "Hata pampu ya gesi ingekuwepo," akasema, "hili gari lisingevuka masika." Alitaka kunipunguzia mzigo. Nilimshukuru. Lakini nilikuwa nimechoka mno hata kufarijika, Mjomba. Nilitazama zile vali nikafikiria jinsi moyo wako nao ulivyokuwa umepanuka huku unapanda na kushuka bila kusema.

Siku ya nne jioni akamimina petroli. Nilikuwa namtazama Mama Monika kuliko gari. Harufu ilipofika alipokuwa amekaa, aliinuka polepole, akatoka mpaka barabarani, akashika nguzo ya umeme. Nikataka kumfuata, Mzee Shabani akanishika bega akasema, "Mwache." Alikaa huko. Wapita njia walimwamkia, akawaitikia. Halafu akarudi, akakaa kwenye kile kiti, akafunga khanga vizuri, akasema, "Haya, liwasheni."

Mara ya kwanza likakohoa tu. Mara ya pili, kimya. Mzee Shabani akaenda akageuza taimingi kidogo, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, maana aliyokuwa ameipanga ilikuwa ya gesi. Mara ya tatu likashika, likatoa moshi mweusi mpaka wa duka la jirani akafunga mlango, kisha likatulia, likanguruma kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi. Hakuna aliyeshangilia. Mzee Shabani aliketi kwenye benchi bovu akaomba maji.

Tulipanda kesho yake. Mama Monika alikaa mbele. Tangu Monika hakuwahi kukaa kwenye gari lako, hata siku ya kukupeleka hospitali alitangulia na basi, na sisi tukadhani ni woga. Ulipoanza mwinuko niliweka gea ya pili, na likapanda na gea ya pili, pale ambapo siku zote kwa gesi tulikuwa tunalia na ya kwanza. Akasema, "Linavuta." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Tulipokaribia njia ya kwenda kwa kaka yake akasema, "Kata hapa."

Nilikata. Mzee Klementi alikuwa uani anachagua mbegu. Alipoona gari lako linaingia alisimama, na nikaona hajui afanye nini na mikono yake. Mama Monika alishuka, hakukaa, hakusubiri kukaribishwa. Akamwambia amesimama, kama nilivyokuandikia hapo juu, maneno hayo hayo, stoo ilivuja, mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa nimebaki mlangoni mwa gari. Mzee Klementi akauliza, "Miaka yote hii?" Akajibu, "Miaka yote hii." Mzee akaingia ndani akafunga mlango. Tulisubiri. Kuku wakala zile mbegu, na hakuna aliyewafukuza. Mwisho Mama Monika akasema twende.

Nilidhani nimemfikisha kwenye balaa. Nilidhani ulikuwa sahihi kukataa, kwamba sasa atabaki hana kwao, na wewe hupo wa kumsitiri. Siku tatu hakuna aliyekuja. Mama Monika alikuwa anafagia ua mara mbili kwa siku.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenye kibanda nabadilisha plagi nikamwona Mzee Klementi anapita na jembe. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi lako, akaanza kupalilia. Masika yameyafanya magugu yawe mengi, nilikuwa nikijiambia nitapalilia, sikupata nafasi, nisamehe. Alipalilia mpaka jua likawa utosini. Akalitengenezea tuta, akazungushia mawe aliyoyatoa mtoni moja moja, na yeye ni mzee kama wewe. Mama Monika alisonga ugali akamtuma mtu amwite. Akaja, akanawa, akala. Nilikuwepo. Hawakuongea habari hizo. Waliongea habari za njegere na bei ya mbolea. Alipokuwa anaondoka, akasimama karibu na mimi, akatazama gari, akasema, "Nilipaswa kuja kumzika." Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Jumapili baada ya misa alisema mwenyewe mbele ya wazee wa ukoo wao. Sijui alisemaje, wanawake tulikuwa nje. Lakini tangu siku hiyo, Mjomba, jina lako linatajwa huku kwa sauti nyingine. Kama ulitaka ibaki siri mpaka mwisho, tumeiharibu. Mimi siwezi kusikitika.

Wiki iliyopita nilimshusha Sesilia kliniki na mtoto wake. Nilishusha pia magunia ya karoti ya watu saba, na mama mmoja wa Kikeo anayeumwa jicho. Nilirudi nikiwa siwezi hata kuvua viatu.

Sasa kuhusu neno nililokupa na nikalivunja. Sitajitetea. Nakupa lingine, na hili nimeshaanza kulitimiza ili usije ukasema Fausta ni wa kuitikia tu. Kibanda cha gari nimekihamisha, kiko chini kule njia panda, mbali na jiko la Mama Monika na mbali na jiko la mtu yeyote. Mafuta najaza mjini tu, ndani ya tenki, na kifuniko chake kina kufuli na ufunguo ninao mimi shingoni. Dumu haliingii kwenye ua huu, wala chupa. Mtu akija kuniomba nimwekee lita mbili nitamkatalia hata akiwa padri. Na Mama Monika sitamwacha. Akiwa na safari nitamchukua, asipokuwa nayo nitakwenda kukaa naye nipue njegere.

Mzee Shabani anakusalimu kwa matusi yake. Anasema spana bado anaidai.

Kesho kabla ya jua kuna magunia kumi na mawili ya kabichi na mzee mmoja wa kupelekwa kupima presha. Nitapita taratibu kwenye kona. Kwaheri, Mjomba. Wewe umepumzika. Mimi nikipata hata Jumapili moja tupu, nitalala mchana kutwa, na mtu asiniamshe.

Mpwa wako,
Fausta